Sauti Mbele, Ngoma Nyuma

Tangu baba achukuliwe na mto, mama alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila jioni alipakua sahani ya baba, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na mlango. Asubuhi kuku walikula. Si kwamba alikuwa na wazimu, hapana. Mama yangu alikuwa na akili kuliko wengi waliomcheka. Lakini mwili wa baba haukuonekana, hatukuzika, na kwake yeye mtu ambaye hakuaga atarudi. Ukimwambia, "Mama, huyu haji tena," alikutazama na kukuuliza, "Nani kakuambia?" Na kweli hakuna aliyekuwa ameniambia.

Aliyejua ni mdogo wangu. Alikuwa ndani ya mtumbwi ule pamoja na baba, wakati huo mtoto wa miaka kama kumi, wakivuka na mikungu ya ndizi, kiboko alipowainua na kuwatupa. Baba alimsukuma mtoto juu ya mtumbwi uliopinduka, akamwambia neno, kisha hakuonekana tena. Watu walipomtoa majini mtoto alisema, "Baba ameniachia neno la mama." Basi, akaishia hapo. Neno lenyewe halikutoka. Kila alipolikaribia koo lilijifunga, macho yakamtoka, akabaki anameza mate. Na si kwamba alikuwa na kigugumizi. Kwa mambo mengine yule mtoto alikuwa na mdomo mpaka unatamani umzibe. Ni neno hilo moja tu. Wazee wakasema aachwe, neno la marehemu hubebwa na aliyeachiwa, halihamishwi mkono. Wakamwacha. Wakamwacha mpaka akaota ndevu.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini Garsen, nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, na vyumba viwili vya kupanga nyuma yake. Mdogo wangu alipoacha shule alikuja kukaa kwangu. Asubuhi alipakia na kupakua magari ya mizigo, jioni alikaa na vijana wenzake wakisikiliza rap, wakiigiza mikono ile ya kurusharusha. Niliona upuuzi. Nilimwambia waziwazi, "Hao unaowaiga wanalipwa. Wewe unalipwa na nani?" Akacheka, akaniambia, "Dada, wewe shona tu."

Siku moja nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, nikamsikia upande wa pili wa ua wa makuti anapiga jerikeni tupu kwa viganja. Alikuwa anarap kwa Kiswahili, na humo ndani Kipokomo chetu cha nyumbani kikiingia na kutoka. Mwanzoni sikumjali. Halafu nikasikia mtumbwi. Nikasikia ndizi zinaelea. Nikajua anakoelekea, nikaacha kusugua, nikangoja koo lake lifunge kama siku zote. Halikufunga. Alipita pale palipomshinda utoto wake wote, akaendelea kupiga jerikeni, na baba yangu akasema kwa mdomo wa mwanawe: Mwambie mama yako asinisubiri kula.

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia. Nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira, ndivyo nilivyo. Nikazunguka ua nikamsimamia kichwani. "Miaka yote hii umekalia neno kama hilo, na mama anawapakulia kuku?"

Hakunijibu kwa jeuri. Alisema alikwisha jaribu. Alikuwa ameenda nyumbani, amekaa mbele ya mama, amepiga hata meza, na koo likafunga vile vile, kwa sababu ya ule uso. Ngoma ikiwa chini yake na uso wa mama haupo, neno linatoka. "Nitalitia kwenye kaseti," akasema. "Nitaweka kaseti icheze, mimi nitoke nje. Hilo naliweza." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Usiniwahi, dada. Usiende kumwambia. Ni langu."

Nikakubali. Watu wameniuliza kwa nini nilikubali, na mimi huwauliza, wewe ungemnyang'anya? Kitu pekee alichoachiwa na baba yake?

Ila tulikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa masikio ya mama. Pale kwetu ng'ambo, ukishafika Golbanti unavuka mto, mbu ni wengi kuliko watu. Mama alishikwa na malaria mara kwa mara, na kila mara alitiwa kwinini. Sisemi dawa ilikuwa mbaya, bila hiyo tungemzika mapema. Lakini baada ya kila dozi masikio yalimvuma siku kadhaa, na mvumo ulipoondoka uliondoka na kipande cha usikivu wake. Huyu alikuwa mwanamke aliyesikia mtu akiita ng'ambo kabla ya mbwa kusikia. Wewe uko upande wa pili unapiga ukelele wa kuvushwa, unavuta irabu ya mwisho mpaka iguse ukingo wa huku, na mama angali jikoni anamwambia mwenye mtumbwi, "Nenda, kuna mtu, tena ni wa ukoo wa fulani." Sasa ulimwita mara mbili akiwa hatua chache nawe. Mpuuzi mmoja wa jirani alikuwa na mazoea ya kusema sikio la kufa halisikii dawa, akicheka, mama yupo pale pale. Methali ile sijaitamka tena tangu hapo.

Redio tuliipata kwa rafiki yake mmoja, kijana wa Kiorma ambaye ami yake alirudi kutoka Saudia na redio kaseti kubwa ya deki mbili, yenye tundu la kuchomekea maiki. Kijana yule alikuwa na mapenzi na redio ile kama ya mtu na ng'ombe wake wa kwanza. Aliileta kwangu kila Ijumaa kabla ya swala, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo na kunionya mimi, si mdogo wangu. "Mama, mimi naenda msikiti. Hii redio ndugu yake iko Saudia. Ukiharibu, hapa hakuna ingine." Aliniita mama nami nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, lakini nilimsamehe kwa sababu ya redio.

Ijumaa ilikuwa na sababu yake. Siku nyingine Garsen huwezi kurekodi hata kikohozi. Mashine ya kusaga, magari, mbuzi, watu wanaosalimiana kutoka ncha hii ya barabara hadi ile. Lakini Ijumaa saa ya swala nusu ya mji imo msikitini, mashine ya kusaga imefungwa, na nusu iliyobaki imekimbia jua. Tulikuwa na kimya cha kutosha kurekodi wimbo mara tatu hivi. Swala ilipoisha na wimbo umeshaingia, ndipo tukapumua.

Mdundo niliutengeneza mimi. Kulikuwa na kaseti moja ya wimbo wa kizungu ambayo mwanzo wake ilikuwa ngoma tupu, kabla mwenyewe hajaanza kutukana. Nilikirekodi kipande kile kutoka deki moja hadi nyingine, nikabonyeza pozi, kile kitufe cha kusimamisha, nikarudisha nyuma, nikaachia, nikabonyeza, mpaka kikawa wimbo mzima. Vijana walijaribu wakashindwa, ngoma yao ilikuwa ikijikwaa kila baada ya muda. Mimi mguu wangu ulishazoea pedeli ya cherehani, unajua wenyewe lini kushuka. Hapo mdogo wangu aliacha kuniambia nishone tu.

Kaseti ya kwanza tulimpelekea mama tukiwa na furaha za kijinga. Tuliiweka redio kwenye mkeka. Mdogo wangu akabonyeza, akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande wa sikio lililo zima zaidi.

"Ngoma nzuri," akasema. "Na huyu anayezungumza ameingia ndani ya mtungi?"

Mdogo wangu aliporudi alimtazama usoni mara moja tu, akajua. Mama akamuuliza, kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa unasema nini?" Akafungua mdomo. Nikamwona shingo inavyokaza. Kisha akasema redio ina kasoro, tutaleta nyingine. Jioni ile mama alipakua sahani yake ya mlangoni kama kawaida, na sisi tukatazama kando.

Tangu hapo ikawa kazi. Tulitaka kitu kimoja, sauti isimame mbele na ngoma ikae nyuma, mama apate kila neno. Ukisema hivyo ni rahisi. Sote tulidhani dawa ni kupaza. Mdogo wangu alipaza. Alirap kama anaita mtumbwi ng'ambo, maana sisi watu wa mtoni tunajua aina moja tu ya kufikisha neno mbali, nayo ni kujaza kifua na kuvuta irabu ya mwisho. Mama ndiye aliyetufundisha, kwenye ukingo, tukiwa wadogo: usitupe neno, livute. Na mwanawe akavuta. "Asinisubiriii." Tulipocheza tukasikia fujo. Pale palipokuwa neno zito kuliko yote, kila kitu kilizama, halafu ngoma ikarudi ghafla na kumeza neno lililofuata.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi nikishona. Mwisho nikaelewa kwamba redio ile inajilinda. Ukiipigia kelele inajishusha yenyewe, ukinyamaza inajipandisha, na haibagui, inashusha sauti na ngoma pamoja. Kadiri mtu anavyopaza ndivyo anavyojizika. Nikamwambia, "Usiite. Sogea karibu, ongea chini, kama mtu anayesengenya jirani."

Alikasirika. "Maneno ya baba hayanong'onwi."

"Basi endelea kumpigia redio kelele, na mama aendelee kusikia mtungi."

Alinuna, lakini Ijumaa iliyofuata alisogea. Nikamfundisha kuweka maiki pembeni ya mdomo, isipigwe na pumzi kila anapotaja baba. Nikaivisha soksi safi. Chumba nacho kilikuwa kinarudisha sauti kama kisima, nikatundika vitambaa vya wateja kuta zote, magauni ya arusi ya watu, mablanketi, mpaka ukiongea humo unajisikia umefungwa kwenye mzigo. Na ngoma nikaipunguza uzito. Redio ilikuwa na vile vidude vya kutelezesha juu na chini, vya besi na vya sauti kali, tukavichezea wiki mbili kabla ya kugundua kuwa vinatudanganya. Vilibadilisha kile unachosikia wewe, kilichoingia kwenye kaseti kilikuwa vile vile. Basi nikaazima kiredio kidogo cha kaseti cha jirani, kisicho na besi kabisa, nikacheza mdundo humo na maiki ikaupokea pamoja na sauti. Ngoma ikatoka nyembamba, tiki tiki, kama mtu anayegonga kopo. Na juu yake sauti ya mdogo wangu ikaonekana yote, mpaka meno.

Nilipata na ujanja mwingine ambao naujivunia hata leo, japo hauna faida kwa mtu. Mahali penye maneno ya baba niliikata ngoma kwa pozi. Ngoma inakwenda, inakwenda, kisha inakosekana, na katika tundu lile neno linasimama peke yake, halafu ngoma inarudi. Ukiwa na kitu kidogo cha kuonyesha, ondoa vilivyokizunguka. Fundi wa nguo anajua hilo.

Mara moja betri ya gari tuliyotumia ilikuwa inakata roho na sisi hatukujua. Kaseti ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na tulipocheza kwa betri iliyojaa, sauti ilitoka nyembamba na ya haraka. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka kumi. Akasema mtumbwi, akasema ndizi. Mdogo wangu aliinuka akazima redio, akatoka nje, hakurudi mpaka kesho yake. Kaseti ile tulirekodi juu yake haraka. Kaseti tulikuwa nazo mbili tu zinazofaa, moja ya mdundo na moja ya wimbo, na kila jaribio lilifuta lililotangulia.

Tulipoona tumekaribia tulipeleka kaseti kwa kinyozi wa karibu na stendi, ambaye spika yake ilikuwa imepasuka na ilitesa kila wimbo. Nilisimama mlangoni. Mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa, mtu nisiyemjua, alimwambia kinyozi asimamishe mkono. Akasikiliza. Ilipoisha akauliza, "Sasa huyo mama aliambiwa?" Mdogo wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe upya kwenye mto ule nilimwona anacheka bila kujilinda. "Imeingia, dada," akasema. "Imeingia poa kabisa." Tukapanga kwenda nyumbani wiki ile ile.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Kila mtu aliyekuwa kando ya mto Tana mwishoni mwa miaka ya tisini anajua ninayosema, na ambaye hakuwepo hata nikimweleza atadhani natia chumvi. Mto ulikuja juu, ukapanda mashamba, ukaingia barabarani, ukakaa. Garsen ikawa kisiwa. Watu waliokuja kutoka vijijini walilala kwenye baraza yangu, na kuku wao, na wagonjwa wao. Tuliuliza kila aliyefika na mtumbwi habari za kwetu. Wengine walisema watu wako juu ya kichuguu wanaishi, wengine walisema kijiji hakipo. Nilishona sanda siku zile kuliko magauni. Kwenda hatukuweza, na pesa haikuwa tatizo, tatizo ni kuwa hapakuwa na mtu wa kuthubutu mkondo ule.

Ndipo mdogo wangu akaanza kurudia kaseti. Hapakuwa na lingine la kufanya. Kijana wa Kiorma alikuwa ametuachia redio, akaenda kutafuta ng'ombe wa baba yake waliosombwa na maji, na betri tulichajiwa na mtu mwenye injini ya pampu ya maji. Aliisikiliza kazi ile iliyomfurahisha mzee wa kwa kinyozi na kusema bado, ngoma inamgusa baba bega. Tukaipunguza. Bado. Tukaipunguza tena. Mwisho akasema iondoke yote. Akavaa visikilizio vya redio ndogo ya kaseti ya kuvaa kiunoni, tuliyoazima, ngoma ikimpigia yeye peke yake kichwani, na maiki ikapokea sauti tu. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliolowa, tukawaomba wanyamaze, wakanyamaza, hata watoto. Alisema wimbo mzima kwa sauti ya chini, karibu kabisa, neno baada ya neno, pumzi zake zinasikika. Alipomaliza, mwanamke mmoja aliyekuwa amepoteza nyumba alijifunika leso usoni.

Sijawahi kusikia sauti iliyo wazi kama ile, wala kwenye redio za watu wa mijini. Hapakuwa na kitu kati yake na wewe.

Maji yalipolegea kidogo tulipata mtumbwi. Kijiji kilikuwepo, nusu. Mama alikuwepo pia, amekaa mlangoni kwenye kibanda cha turubai la msaada, amekonda mpaka nikamtambua kwa kitambaa cha kichwa. Nilimwita tukiwa bado majini, nikavuta irabu kama alivyonifundisha. Hakuinua uso. Nikaita tena. Jirani aliyekuwa ukingoni akatikisa kichwa, akajigusa sikio, akapunga mkono chini. Mama alikuwa ameshikwa na malaria kali katikati ya mafuriko, akatiwa kwinini nyingi, akapona. Alipoamka dunia ilikuwa imezimwa.

Alitukumbatia, akatupapasa kama anayetafuta ni wapi tumevunjika. Alizungumza kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wanavyozungumza. "Mmekuja na redio," akasema. "Wekeni. Nitaisikia kwa mkono. Kanisani naweka mkono kwenye ngoma naisikia vizuri tu."

Mdogo wangu alinitazama. Sijui alitaka nifanye nini. Nikabonyeza. Yeye hakutoka nje safari hii. Mama akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho. Sauti ikaanza, safi, kila neno limesimama mahali pake. Jirani alikuwa pale, nikamwona anaanza kulia. Mtumbwi. Ndizi. Baba. Mama alisogeza mkono kidogo, akaubonyeza zaidi, akauhamishia spika ya pili. Akafumbua macho.

"Mmeleta kaseti tupu," akasema. "Haina kitu. Ile ya zamani ilikuwa na ngoma."

Ile ya zamani hatukuwa nayo. Ilikuwa chini ya hii, tumeifuta kwa mikono yetu, na besi yake, na ukelele wake wa kuita ng'ambo uliokuwa unatikisa redio nzima. Labda ungemfikia kiganjani, labda usingemfikia. Sisi tulikuwa tumekaa miezi tukiviondoa, kimoja kimoja, na kila tulipoondoa kimoja tulipongezana.

Mdogo wangu alikuwa ameketi anatazama chini, mikono imelala mapajani. Sikuvumilia. Nilitoa ile kaseti, nikaweka nyingine, ile ya mdundo, ngoma tupu isiyo na neno hata moja ndani yake, ya kwanza kabisa, nzito, kabla sijaipitisha kwenye kiredio cha jirani. Nikapandisha besi mpaka juu.

Uso wa mama ulifunguka. Kiganja kiko kwenye spika, kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Alimshika mwanawe mkono kwa mkono ule mwingine, akawa anampigia mapigo kwenye kifundo. Alisikiliza mpaka kaseti ilipofika mwisho na kujizima. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa, kijiji kizima kinasikia, "Sasa nimekusikia. Umesema vizuri, mwanangu. Umesema vizuri sana."

Mdogo wangu aliinuka akaenda kwenye migomba, lakini migomba haikuwepo, ilikuwa imelazwa na maji, kwa hiyo alisimama tu penye matope mahali ambapo wote tulimwona. Hakurap tena baada ya siku ile. Redio tulimrudishia mwenyewe, nzima, bila mkwaruzo.

Jioni mama alipika mahindi ya msaada, kidogo, ya kugawana. Akachukua sahani ya baba. Nilimshika mkono. Neno lilikuwa la mdogo wangu, najua, lakini yeye alikuwa amekwisha shindwa, nikaona bora nivunje sheria ya wazee kuliko kutazama tena. Nikamwekea mdomo sikioni nikasema kwa nguvu zangu zote. Akatabasamu, akajipangusa mate yangu. Kumwandikia kusingesaidia, kusoma hajui. Nikaonyesha sahani, nikapunga mkono: usiweke. Nikaonyesha mto. Nikapunga tena: hasubiriwi, asisubiriwe.

Alinitazama kwa makini, jinsi alivyokuwa akisikiliza zamani, kisha akaelewa, au akadhani ameelewa. Akanipapasa shavu.

"Najua chakula ni kidogo kwa sababu ya maji," akasema. "Usijali. Cha baba yenu nitatoa kwenye changu."

Akagawa mahindi yake nusu kwa nusu, akaifunika ile sahani, akaiweka juu ya kinu. Asubuhi chakula kilikuwa pale pale, maana kuku wote walikuwa wamekwenda na mto. Nilikila mimi.